Tambi na Majina Yake

Husimuliwa kwamba Marco Polo ndiye aliyeleta tambi Italia, aliporejea Venice kutoka Uchina mwaka 1295. Kisa kitamu, ila tarehe zinakikanusha. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi, katika kitabu alichomwandikia Mfalme Roger II wa Sicily, alikwisha kuutaja mji wa Trabia, karibu na Palermo: huko kilitengenezwa kwa wingi chakula cha unga kiitwacho itriyya, kikapakiwa merikebuni kupelekwa Calabria na nchi za Waislamu na za Wakristo.

Lugha nayo inashuhudia. Kusini mwa Italia, mkoani Puglia, watu hadi leo hupika tria kwa dengu, na jina hilo asili yake ni Kiarabu. Waitalia wengine waliona vijinyoo, wakaita vermicelli. Waswahili waliona tambi za taa, umoja wake utambi. Wakazikaanga, wakatia sukari, iliki na tui la nazi.

Simulizi la Polo huwasahaulisha wasomaji wale waliokanda unga wa Trabia. Neno tria halikuwasahau. Ndiyo maana majina ya vyakula yastahili kuhifadhiwa kama hati.