Uridhiaji wa Mikataba ya Ulaya: Bunge au Kura ya Maoni

Uridhiaji ni tendo rasmi ambalo nchi huthibitisha kwalo kwamba imekubali kufungwa na mkataba. Kwa kawaida tendo hilo hutanguliwa na saini, lakini saini huonyesha tu kwamba wajumbe wamekubaliana juu ya maandishi. Kwa mujibu wa Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba, nchi iliyotia saini na kusubiri kuridhia haijabanwa na vifungu vyote, ila haitakiwi kufanya jambo litakaloua lengo la mkataba wenyewe.

Kitenzi kuridhia, chenye asili moja na radhi na ridhaa, kimeshika mizizi katika Kiswahili cha sheria. Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania inalikabidhi Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba. Katika sheria ya kimataifa, hata hivyo, anayeridhia ni nchi. Hati ya kuridhia hutolewa kwa jina la nchi na kukabidhiwa kwa mtunzaji wa mkataba. Kwa mikataba ya msingi ya Umoja wa Ulaya, mtunzaji huyo ni serikali ya Italia. Uamuzi wa bunge au wa wapiga kura huja kabla, nao ni idhini ya ndani. Tofauti hiyo ilidhihirika katika Jamhuri ya Cheki mwaka 2009: mabaraza yote mawili ya bunge yaliupitisha Mkataba wa Lisbon, unaorekebisha mikataba ya msingi ya Umoja wa Ulaya, kufikia mwezi Mei, lakini Rais Václav Klaus hakuutia saini hadi Novemba 3, siku ambayo Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba haupingani na katiba. Kabla ya saini hiyo, nchi ilikuwa haijaridhia.

Istilahi ya pili, kura ya maoni, inahitaji uangalifu. Jina lake laweza kumfanya msomaji adhani kwamba wananchi wanatoa maoni tu, na nchini Tanzania hutumika pia kwa uchaguzi wa wagombea ndani ya vyama. Magazeti ya Kenya huandika pia kura ya maamuzi au refarenda. Kisheria kuna aina mbili, inayofunga na ya ushauri. Ireland, matokeo huifunga serikali. Uholanzi, kura ya 2016 kuhusu makubaliano ya Umoja wa Ulaya na Ukraine ilikuwa ya ushauri: walioshiriki walikuwa takriban asilimia 32, wengi wao wakakataa, na bado makubaliano yaliridhiwa mwaka uliofuata baada ya kuongezewa ufafanuzi.

Umoja wa Ulaya hauamui njia ipi itumike. Marekebisho makubwa ya mikataba yake ya msingi huanza kufanya kazi baada ya kuridhiwa na nchi zote, kila moja kwa kufuata masharti ya katiba yake, na masharti hayo hayafanani. Ujerumani hutegemea theluthi mbili za kura katika mabaraza yote mawili pale mkataba unapogusa katiba. Katiba ya Italia, katika ibara ya 75, hairuhusu kura ya wananchi ya kufuta sheria zinazoidhinisha mikataba ya kimataifa. Denmark, mkataba unaohamisha mamlaka ya dola huhitaji sehemu tano kati ya sita za wabunge wote, yaani 150 kati ya 179. Wakipungua, serikali ikitaka kuendelea huupeleka kwa wananchi. Ireland, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1987, katika kesi ya Raymond Crotty, kwamba mkataba unaobadili kiini cha Jumuiya ya Ulaya hauwezi kuridhiwa bila kubadili katiba, na katiba ya huko hubadilishwa kwa kura ya wananchi pekee.

Wanaotetea bunge husema mkataba ni matokeo ya miaka ya mashauriano, wenye vifungu vinavyotegemeana, na wabunge wana kamati na muda wa kuvichambua. Huongeza kwamba kura ya wananchi hugeuka kirahisi kuwa hukumu juu ya serikali iliyopo. Wanaotetea kura ya maoni hujibu kwamba wabunge wameazimwa mamlaka na wananchi kwa kipindi maalumu. Kuyakabidhi moja kwa moja kwa chombo kingine ni jambo la mwenye mali, yaani wananchi wenyewe.

Historia haijaupa upande wowote ushindi kamili. Mwaka 2005 Mkataba wa Katiba ya Ulaya ulikubaliwa na wapiga kura wa Hispania na Luxembourg, ukakataliwa Ufaransa kwa karibu asilimia 55 na Uholanzi kwa zaidi ya asilimia 61. Sehemu kubwa ya yaliyomo ilirudi katika Mkataba wa Lisbon, ambao bunge la Ufaransa liliuidhinisha Februari 2008 bila kuwauliza tena wananchi. Rais Nicolas Sarkozy alikuwa ametangaza njia hiyo katika kampeni za 2007, lakini lawama ya kuwapita wapiga kura haikuisha.

Kura inayorudiwa nayo huzua maswali. Denmark iliukataa Mkataba wa Maastricht, ulioanzisha Umoja wa Ulaya, mwaka 1992 kwa tofauti ndogo, ikaukubali 1993 baada ya kuruhusiwa kutofuata masharti kadhaa, yakiwemo ya sarafu ya pamoja. Ireland iliukataa Lisbon mwaka 2008 na kuukubali 2009, baada ya kuhakikishiwa kwamba kila nchi itaendelea kuwa na kamishna wake na kwamba sera zake za kodi na za kutofungamana kijeshi hazitaguswa. Wapo wanaoona humo wananchi wakishurutishwa hadi waseme ndiyo. Wengine huona kwamba kukataa kwao ndiko kulikowapatia masharti bora.

Katika njia zote mbili anayeulizwa hupewa maandishi yaliyokamilika, ayakubali au ayakatae yote, kwa kuwa kifungu kikibadilishwa katika nchi moja nchi nyingine hulazimika kurudi mezani. Kwa sababu hiyo baadhi ya nchi hutafuta idhini mapema: kamati ya masuala ya Ulaya ya bunge la Denmark huwapa mawaziri mipaka ya kile wanachoweza kukubali katika Baraza la Umoja wa Ulaya kabla hawajakwenda Brussels.