Tandiko na Seruji

Mpanda farasi hukalia kitu chenye majina mawili. Seruji limetoka katika Kiarabu. Tandiko limezaliwa na kitenzi tandika, kilekile kitumikacho kwa kitanda na mkeka. Nalipenda hili la pili kwa kuwa linamtazama mnyama: anayetandika huufuata mgongo uliopo.

Kwa poni, farasi wa kimo kifupi, hilo ni jambo zito. Poni wa Shetland ana mgongo mfupi, mpana, wa mviringo. Tandiko refu humpita ubavu wa mwisho na kumkandamiza kiunoni. Kiunzi cha tandiko kikiwa chembamba humbana mabega. Kipana mno hushuka na kulalia uti wa mgongo, mahali pasipotakiwa kuguswa kabisa. Fundi mwema hulijaribu tandiko kwanza bila kitambaa chini yake, kisha hulikagua tena mpandaji akishakaa. Na baada ya miezi hurudi kupima, maana poni hunenepa upesi majani yakistawi.

Punda wa Lamu naye ana haki hiyohiyo: mzigo ulale mbavuni pande zote mbili, uti ubaki huru. Inaniuma kwamba kumtandika punda humaanisha pia kumchapa.