Jinzi, Dangirizi na Denimu

Mwambie fundi cherehani unataka kitambaa cha jinzi, naye atakuletea pamba nzito ya rangi ya nili, inayovunja sindano. Mwingereza kitambaa hicho hukiita denim, na jeans huiachia suruali. Mfasiri akifika hapo hukwama, akaandika "denimu" na kusonga mbele.

Maneno hayo mawili yalianza kama majina ya miji. Denim, kwa maelezo yaliyozoeleka, ni Kifaransa de Nîmes, yaani "cha Nîmes", mji wa kusini mwa Ufaransa. Jeans imetokana na Gênes, jina ambalo Wafaransa huipa bandari ya Genoa, Italia. Vilikuwa vitambaa viwili. Vyote vilifumwa kwa mistari ya hanamu, ila cha Genoa nyuzi zake zilikuwa za rangi moja, ilhali denimu ina mtande (nyuzi za urefu) uliotiwa nili na mshindio (nyuzi za upana) mweupe. Kunja pindo la suruali yako uone: ndani kumepauka, kwa sababu upande huo mshindio ndio uliotawala.

Mwaka 1873 fundi Jacob Davis wa Reno, Nevada, pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss wa San Francisco, walipata hataza ya kukaza mifuko ya suruali kwa ribiti. Suruali zao za denimu hazikuitwa jeans. Jina hilo lilizihamia baadaye sana. Kwa hiyo wenye lugha yao nao walichanganya.

Kamusi zetu zina neno jingine tena, dangirizi. Asili yake ni dungri ya Kihindi, kitambaa cha pamba cha bei rahisi. Mtu angedhani lilishuka pwani na majahazi, lakini mkia wake unalisaliti: hiyo -zi ni wingi wa Kiingereza, dungarees. Jinzi nalo lina mkia huohuo, na afadhali tuliubakiza. Tungeukata tungebaki tumevaa jini.

Kiingereza kilitoa jina kwenye kitambaa kikalivika vazi. Sisi tulilipokea vazini tukalirudisha kitambaani: sketi ya jinzi, jaketi la jinzi, hata begi la jinzi. Kwa hiyo napendekeza "jinzi" kwa kitambaa na "suruali ya jinzi" kwa vazi, "denimu" ibaki kwa wanaosomea ufumaji. Na iandikwe kwa z, maana "jinsi" tayari ina kazi nyingi.