Hai na hayati

Mwaka 1991 bendi ya Pearl Jam ya Seattle, Marekani, ilitoa singo yake ya kwanza, "Alive", yaani hai. Mashabiki waliupokea wimbo kwa shangwe. Lakini mtunzi wa maneno yake, Eddie Vedder, alisimulia habari za kijana anayeambiwa kuwa baba yake mzazi alikwisha kufa. Kwa kijana huyo kubaki hai ni laana. Vedder alikiri baadaye kwamba mashabiki, kwa shangwe yao, ndio walioiondoa laana hiyo.

Kiswahili kinaujua utata huo wa uhai na kifo. Maneno hai na hayati yametoka shina moja la Kiarabu, la uhai, ila hayati ni aliyefariki. Neno hayati nalipenda kuliko marehemu: linamtaja mtu kwa maisha aliyoishi.