Unasafiri na mzazi mwenye shida ya kutembea? Anza na choo, ngazi na siti

Basi limesimama. Konda anapaza sauti: "Dakika kumi, wa kuchimba dawa washuke!" Abiria wanashuka mbio. Mama yako mwenye miaka 74 na magoti yanayouma anabaki kwenye siti. Ukimuuliza anajibu, "Mimi niko sawa mwanangu, nenda tu."

Hayuko sawa. Hajanywa maji tangu jana jioni, na dawa ya asubuhi hakumeza. Anaogopa kukusumbua, na anaogopa zaidi kuaibika mbele za watu.

Sisi tunahesabu nauli na kilomita. Mzee anahesabu ngazi za basi na umbali wa choo. Ukitaka afike salama, panga safari kwa hesabu yake.

Ongea naye kabla ya kukata tiketi

Muulize faragha, bila kuzunguka: anaweza kupanda ngazi ngapi? Anaweza kukaa muda gani bila kwenda haja? Anaweza kuchuchumaa? Nani angependa amsaidie chooni?

Swali la mwisho ni zito. Mama anaweza kukataa kusaidiwa na mtoto wa kiume, na baba hatakubali kusaidiwa na mkwe wake. Hatasema, ila atajizuia kunywa maji. Kama inawezekana, safirini na mtu ambaye mzee yuko huru naye.

Maji na dawa asiache

Mzee asiyekunywa maji hupata kizunguzungu kwa urahisi, na akisimama ghafla anaweza kuanguka. Mpe maji kidogo kidogo njia nzima, isipokuwa kama daktari amempangia kiwango, mfano wenye matatizo ya moyo au figo.

Wazee wengi wenye presha au moyo hutumia vidonge vinavyoongeza mkojo. Furosemide, kwa mfano, huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na huendelea kwa takriban saa sita. Usimwache aruke dozi kimyakimya. Muulize daktari mapema kama siku ya safari anaweza kuimeza baada ya kufika.

Kwa dharura, pampasi za watu wazima zinapatikana madukani. Mwambie ni akiba tu, asijisikie amegeuzwa mtoto. Mkienda na gari binafsi, bebeni ndoo ndogo yenye mfuniko na kanga mbili za kumsitiri. Simameni kwenye vituo vya mafuta au hoteli zenye choo cha kukaa.

Basi, treni au ndege?

Basi: Chukua siti ya mbele, upande wa njia ya katikati. Siti za nyuma kabisa hurusha sana kwenye matuta. Kama goti la kushoto halikunji, akae safu ya kulia ili mguu huo uwe upande wa njia na aweze kuunyoosha. Uliza kama basi lina choo, na kama choo hicho kinatumika.

Treni: SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Ndani kuna vyoo, na mzee anaweza kuinuka na kunyoosha miguu bila kusubiri kituo. Fikeni mapema, maana stesheni ni kubwa na kuna kutembea.

Ndege: Omba kiti cha magurudumu unapokata tiketi, au angalau saa 48 kabla ya safari. Eleza hali yake vizuri, maana mashirika ya ndege hutumia alama tatu:

- WCHR: anaweza kupanda ngazi, ila hawezi kutembea mwendo mrefu.
- WCHS: hawezi ngazi, ila anaweza kutembea ndani ya ndege.
- WCHC: anahitaji kusaidiwa mpaka kwenye siti yake.

Ukisema tu "anatembea polepole", anaweza kuandikiwa WCHR, halafu akajikuta anatazamwa na ngazi ya ndege.

Namna ya kumpandisha na kumshusha

Usimvute mkono wala kumnyanyua kwa makwapa. Unaweza kumuumiza bega, hasa kama aliwahi kupata kiharusi. Acha yeye akushike wewe.

Kwenye ngazi, kumbuka hivi: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu mbovu hutangulia. Wewe kaa upande wa chini: nyuma yake akipanda, mbele yake akishuka. Fimbo aishike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima.

Kwenye gari dogo au teksi, asianze kuingiza mguu. Ageuke mgongo kwenye siti, akae kwanza, kisha aingize miguu yote miwili. Kitambaa kinachoteleza kikiwekwa kwenye siti humsaidia kugeuka. Kitoe kabla gari halijaondoka, na mfunge mkanda.

Miguu isilale

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa safarini saa nne au zaidi bila kujongea huongeza takriban mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, iwe kwa ndege, basi, treni au gari. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni au aliyewahi kuganda damu. Huyo amuone daktari kabla ya safari.

Kila baada ya nusu saa, mwambie akanyage kisigino na kuinua vidole, kisha akanyage vidole na kuinua kisigino, mara 20. Hata akiwa amekaa anaweza.

Mkoba wa mkononi

Usiweke hivi kwenye buti la basi wala mzigo wa ndege:

- Dawa zote za safari na za siku chache za ziada, kwenye pakiti zake
- Insulini (kwenye mzigo wa ndege inaweza kuganda kwa baridi)
- Kitambulisho, kadi ya bima na karatasi za hospitali
- Maji, chakula laini, nguo ya kubadilisha na tishu

Usipuuze dalili hizi

Mguu mmoja ukivimba, ukauma au ukawa wa moto, hata siku kadhaa baada ya kufika, mpeleke hospitali. Akibanwa pumzi ghafla, akaumwa kifua, akachanganyikiwa au mdomo ukaenda upande, ni dharura. Msisubiri mwisho wa safari.

Kabla basi halijaondoka

Mfuate konda stendi, mapema, bila mzee kusikia: "Kaka, nina mama hawezi kukimbia wala kuchuchumaa. Tukifika sehemu yenye choo kizuri, naomba utupe dakika tano za ziada." Makonda wengi wana mama pia.

Kisha rudi kwenye siti umwambie, "Mama, nimeshaongea nao. Kunywa maji." Hapo ndipo atakunywa.