Ubao Usio na Pezi: Kutoka Hawaii ya Kale hadi Karakana za Australia

Pezi ni mgeni katika ubao wa kuteleza juu ya mawimbi. Mbao alizoziona Luteni James King, wa msafara wa Kapteni Cook, visiwani Hawaii mwaka 1779 hazikuwa nalo. Wala si Hawaii peke yake: msafiri James Alexander, aliyefika Accra katika miaka ya 1830, aliandika habari za wavulana walioingia baharini na vibao vyepesi, wakilalia matumbo juu yake na kungoja wimbi liwarudishe pwani.

Wahawaii walikuwa na aina kadhaa. Olo, ndefu na nene, wakati mwingine zaidi ya mita nne, ilikuwa ya machifu. Ilichongwa kwa wiliwili, mti mwepesi wa jamii moja na mbambangoma. Alaia ilikuwa fupi na nyembamba, ikichongwa kwa mti wa koa au mshelisheli. Kabla mti haujaangushwa, samaki mwekundu aliwekwa shinani kuwa sadaka. Gogo lilichongwa kwa tezo za mawe, likasuguliwa kwa matumbawe, likapakwa rangi nyeusi na hatimaye mafuta ya kokwa za mti wa kukui. Kila baada ya mchezo ubao ulikaushwa, ukapakwa mafuta ya nazi na kufungwa kwa kitambaa cha magome. Matunzo ya namna hiyo hayatolewi kwa chombo cha mchezo tu.

Karne ya 19 iliuangusha ufundi huo. Maradhi yaliyoletwa na wageni yaliua watu kwa wingi, na wamisionari waliowasili mwaka 1820 hawakuupenda mchezo wenyewe. Mbao chache zilizosalia ziliishia kwenye jumba la makumbusho la Bishop, Honolulu. Mmarekani Tom Blake alizitengeneza upya humo katika miaka ya 1920, akajifunza kutokana nazo. Ajabu ni kwamba huyohuyo ndiye aliyefunga pezi la kwanza, mwaka 1935: mkuku mdogo aliouchomoa kwenye boti ya mwendokasi iliyotupwa.

Pezi halikuenea mara moja. Mwaka 1937 vijana watatu wa Honolulu, John Kelly, Wally Froiseth na Fran Heath, walichoshwa na mbao zao pana kuteleza kombo kila wimbi liliposimama wima. Badala ya kuongeza kitu, walipunguza. Walishika shoka wakauchonga mkia wa ubao mmoja hadi ukawa mwembamba, tumbo lake likiwa na umbo la V, na alasiri hiyohiyo wakarudi majini. Mkia ulizama ndani ya wimbi na kulishika. Mbao hizo, zilizoitwa “hot curl”, ndizo zilizowapeleka kwenye mawimbi makubwa ya Makaha, hukohuko Hawaii.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia pezi lilishinda, na tangu Mwaustralia Simon Anderson alipoonyesha ubao wa mapezi matatu mwaka 1981, mpango huo umetawala mashindano. Sababu iko wazi: pezi huuzuia mkia kwenda upande na kumpa mtelezaji kitu cha kusukuma anapokata kona. Lakini pezi pia hukokota maji. Likiondolewa, mwendo huongezeka, na kazi yake yote huhamia kwenye kingo na tumbo la ubao. Ukingo mkali huachia maji upesi na kuuma uso wa wimbi, ilhali wa mviringo huyafuata maji na kung'ang'ania. Mbonyeo kidogo tumboni huongeza mshiko. Ndiyo maana fundi wa mbao hizi hupata shida zaidi kwenye milimita chache za ukingo kuliko kwenye umbo zima.

Mafundi wawili walilirudisha mezani suala la ubao usio na pezi. Tom Wegener, Mmarekani aliyehamia Noosa, Australia, alizichunguza alaia za Bishop katikati ya miaka ya 2000, kisha akachonga zake kwa mpaulonia, mti mwepesi usionyonya maji ya chumvi kirahisi. Unene wa alaia hizo ni kama sentimita mbili tu, hivyo ubao hupinda na kujilaza kwenye wimbi. Mwaustralia Derek Hynd, aliyewahi kuwa mshindani wa kulipwa, alishika njia nyingine: alichukua mbao za kisasa, akang'oa mapezi, akachimba mifereji kwenye kingo, akazijaribu kwa kasi kubwa huko Jeffreys Bay, Afrika Kusini, akizunguka duara kamili katikati ya wimbi.

Kati ya hao wawili, Wegener ndiye aliyeacha mfano rahisi kuigwa: ubao mmoja, randa, msasa na mafuta ya kitani vinatosha. Kuupanda ndiko kugumu. Alaia haielei vya kutosha kumbeba mtu aliyetulia, na Wegener mwenyewe baadaye alitengeneza mbao nene za povu, zisizo na pezi vilevile, kwa ajili ya waliotaka kuteleza bila kuteseka kwanza.