Orodha kama Uhakiki: Historia ya Kuhesabu Vipindi vya Columbo

Utangulizi

Kuorodhesha kazi za sanaa ni shughuli ambayo wahakiki wengi huiachia mkutubi. Hudhaniwa kwamba orodha hutangulia uhakiki: kwanza kazi huhesabiwa, hupewa tarehe na kupangwa, ndipo mhakiki aanze kuzichambua. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mpaka huo ni wa kudhaniwa tu. Anayeamua ni kazi zipi ziingie katika orodha na zipi zibaki nje huwa ameshatoa hukumu juu ya mtunzi, utanzu na mipaka ya matini, hata kama hajaandika sentensi moja ya uhakiki.

Mfano tutakaoutumia ni mfululizo wa televisheni wa Kimarekani uitwao Columbo. Mhusika wake mkuu, Luteni Columbo wa polisi wa Los Angeles, aliigizwa na Peter Falk kuanzia 1968 hadi 2003. Orodha iliyozoeleka ina vipindi 69, kila kimoja kikiwa filamu kamili yenye mwanzo na mwisho wake. Idadi hiyo si kubwa, na mtafiti mmoja anaweza kuikagua yote. Hata hivyo, tutaona kwamba kila tarakimu katika hesabu hiyo inabishaniwa, na kwamba ubishi wenyewe una mafunzo kwa mwanafunzi wa fasihi.

Suala la mwanzo

Swali la kwanza linalomkabili mworodheshaji ni rahisi kuliuliza: kipindi cha kwanza ni kipi? Historia inatoa majibu manne.

Watunzi wa mhusika huyu ni Richard Levinson na William Link, marafiki waliofahamiana tangu walipokuwa wanafunzi jijini Philadelphia. Hadithi yao fupi iliyochapishwa katika jarida la Alfred Hitchcock's Mystery Magazine mwaka 1960 ilikuwa na kiini cha msuko, lakini Columbo hakuwamo. Mhusika huyo alijitokeza mwaka huohuo, tarehe 31 Julai, katika tamthilia ya televisheni iliyoitwa Enough Rope, akiigizwa na Bert Freed. Mwaka 1962 watunzi waliirefusha kazi hiyo ikawa tamthilia ya jukwaani, Prescription: Murder, na safari hii Columbo aliigizwa na Thomas Mitchell. Tamthilia hiyo ndiyo iliyogeuzwa filamu ya televisheni na kuonyeshwa tarehe 20 Februari 1968, Falk akiwa Columbo kwa mara ya kwanza. Filamu ya pili, Ransom for a Dead Man, ilifuata tarehe 1 Machi 1971. Mfululizo wenyewe ulianza rasmi tarehe 15 Septemba 1971 kwa kipindi cha Murder by the Book, kilichoandikwa na Steven Bochco na kuongozwa na Steven Spielberg.

Anayeanza na 1960 anasema kwamba Columbo ni mhusika aliyetungwa na waandishi, na kwamba mwigizaji yeyote anaweza kumbeba. Anayeanza na 1968 anasema kwamba Columbo ni Falk. Anayeanza na Machi 1971 anaitazama filamu ya 1968 kama kazi iliyosimama peke yake, iliyotungwa bila nia ya kuwa na mwendelezo. Anayeanza na Septemba 1971 anasema kwamba mfululizo ni zao la kituo cha televisheni, yaani mkataba wa kutoa vipindi kwa ratiba. Orodha iliyozoeleka ya 69 imechagua jibu la pili. Uamuzi huo una mantiki yake, lakini ni uamuzi, nao umemweka mwigizaji mahali ambapo fasihi andishi humweka mtunzi.

Misimu na mpangilio

Vipindi 45 vya mwanzo, filamu mbili za utangulizi zikiwemo, vilionyeshwa na kituo cha NBC hadi tarehe 13 Mei 1978. Baada ya kimya cha takriban miaka 11, kituo cha ABC kiliufufua mfululizo tarehe 6 Februari 1989, na vipindi 24 zaidi vikatolewa hadi tarehe 30 Januari 2003.

Desturi ni kupanga vipindi kwa misimu. Katika kipindi cha NBC, msimu ulikuwa na maana ya wakati: ni vipindi vilivyoonyeshwa kati ya Septemba ya mwaka mmoja na miezi ya kati ya mwaka uliofuata. Msimu wa kwanza ulikuwa na vipindi 7, wa pili na wa tatu 8 kila mmoja, na wa sita 3 tu. Chini ya ABC maana hiyo ilipotea. Baada ya msimu wa nane wenye vipindi 4 na wa tisa wenye 6, orodha nyingi hukusanya vipindi 14 vilivyosalia, vilivyotawanyika kati ya Desemba 1990 na Januari 2003, na kuviita msimu wa kumi. "Msimu" wa zaidi ya miaka 12 si msimu tena. Ni kapu la kutilia kilichobaki. Mtafiti anayelinganisha msimu wa tatu na wa kumi, akidhani kwamba analinganisha vitu vya aina moja, atakuwa anapimisha kibaba na pishi.

Historia ya kuorodhesha imejaa mitego ya namna hii. Mwaka 1989 Mark Dawidziak alichapisha The Columbo Phile, kitabu kilichochambua vipindi vyote 45 vya NBC kimoja baada ya kingine. Mwaka uleule mfululizo ukafufuka. Orodha iliyotungwa kana kwamba ni ya kazi iliyokamilika ikageuka kuwa orodha ya sehemu yake ya kwanza. Kasoro hapa si ya mwandishi. Kazi ya mfululizo haina ukurasa wa mwisho ambao mtunzi amekubali kuufunga.

Kanuni na vighairi

Columbo unatambulikana kwa msuko uliopinduliwa. Katika hadithi ya kawaida ya upelelezi, ambayo msomaji wa Kiswahili anaifahamu kupitia Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), taharuki hutokana na kufichwa kwa mhalifu. Katika Columbo mtazamaji humwona muuaji akitenda kosa mwanzoni. Kinachofichwa ni namna atakavyonaswa. Mbinu hii haikuanza na televisheni. R. Austin Freeman aliitumia katika The Singing Bone (1912).

Kanuni hiyo ndiyo inayotajwa na kila mhakiki. Lakini orodha ikisomwa kwa makini, vighairi vinajitokeza. Katika Last Salute to the Commodore (1976), kilichoongozwa na Patrick McGoohan, muuaji hafichuliwi hadi mwisho. Katika Columbo Cries Wolf (1990), mauaji ambayo mtazamaji anaaminishwa kwamba yametokea ni hila tu, na mauaji ya kweli huja baadaye. No Time to Die (1992) hakina mauaji ya kuchunguzwa: ni kisa cha bibi harusi aliyetekwa nyara. Undercover (1994) nacho hakifuati kanuni ya kumtambulisha muuaji mwanzoni. Viwili hivi vya mwisho vilitokana na riwaya za Ed McBain, ambazo Columbo hakuwa mhusika wake.

Wapo wapenzi wa mfululizo ambao wangependa kuviondoa vipindi hivi viwili. Hapa ndipo penye hatari ya kimbinu. Iwapo tutasema kwamba Columbo daima humwonyesha muuaji mwanzoni, kisha tukaondoa katika orodha vipindi visivyofanya hivyo kwa hoja kwamba si Columbo halisi, kanuni yetu haitaweza kukanushwa kamwe. Tutakuwa tumeizungusha hoja: utanzu umeamua orodha, kisha orodha imetumika kuthibitisha utanzu.

Hesabu yenyewe inatoa onyo. Anayeondoa filamu mbili za utangulizi hubaki na vipindi 67. Anayeondoa viwili vya McBain hubaki na 67 vilevile. Tarakimu ni moja, ilhali mikusanyo ni miwili tofauti. Wanafunzi wawili wakiandika katika tasnifu zao kwamba wamechunguza "vipindi vyote 67", hawatakuwa wamechunguza kitu kimoja.

Suala la mtunzi

Mfululizo wa riwaya hutambulishwa na jina lililo kwenye jalada. Kisima cha Giningi (1968) na Kosa la Bwana Msa (1984) ni za mkono mmoja, na mworodheshaji hana la kubishania. Televisheni haina jalada la namna hiyo. Bochco aliandika mswada ambao ulitumika mwaka 1977 katika mfululizo mwingine wa NBC, McMillan. Mwaka 1990 mswada huo ulirudi ukiwa kipindi cha Columbo, Uneasy Lies the Crown. Kisa ni kile, mpelelezi ni mwingine. Mwaka 1993 Falk mwenyewe aliandika It's All in the Game. Kwa upande mwingine, mwaka 1979 NBC ilianzisha Mrs. Columbo, ikimtumia mke ambaye Luteni humtaja kila mara lakini haonekani kamwe. Levinson na Link waliupinga. Vipindi 13 vilitolewa, jina la mfululizo likabadilishwa zaidi ya mara moja, na hatimaye uhusiano wa mhusika huyo na Luteni ukakatwa. Kisheria kituo kilikuwa na haki ya kuutumia ulimwengu wa hadithi. Kifasihi orodha imevikataa vipindi hivyo. Anayevikubali atafikisha 82.

Ni dhahiri basi kwamba orodha ya 69 haitokani na haki ya kisheria wala jina la mwandishi. Inatokana na makubaliano ya hadhira kwamba palipo na Falk katika koti lake la mvua ndipo palipo na Columbo. Nadharia zinazomwona mtunzi kuwa chanzo pekee cha umoja wa kazi hazina budi kulieleza jambo hili.

Umbo la orodha

Kuna hoja moja zaidi inayohusu fani. Orodha nyingi za Columbo huweka, kando ya kichwa na tarehe, safu ya jina la muuaji na mwigizaji wake. Katika orodha ya hadithi za kawaida za upelelezi, safu hiyo ingemwibia msomaji utamu wa hadithi. Hapa haimdhuru, kwa kuwa kazi yenyewe imeshalitoa jina hilo. Isitoshe, safu hiyo inafichua mpangilio ambao tarehe haziuonyeshi. Robert Culp na Jack Cassidy walikuwa wauaji mara tatu kila mmoja katika miaka ya 1970. McGoohan mara nne, mwaka 1974, 1975, 1990 na 1998. Mwenye kuisoma safu hiyo anaona kwamba mfululizo huu ni historia ya pambano moja linalorudiwa, baina ya mtu wa kawaida na wenye cheo, mali au elimu. Kinachopaswa kusitiriwa katika orodha ya namna hii ni ushahidi wa mwisho, si jina.

Hitimisho

Tumeona kwamba mwanzo, misimu, kanuni na mtunzi wa Columbo vyote hutegemea uamuzi wa mworodheshaji. Hatupendekezi kwamba orodha zitupwe. Bila orodha hakuna utafiti. Tunachopendekeza ni kwamba kila orodha ifuatane na tamko la kigezo chake: imehesabu nini, imeacha nini, na kwa hoja gani. Vighairi viorodheshwe pamoja na vingine na kuwekewa alama, visifutwe. Atakayejitolea kuorodhesha mifululizo yetu wenyewe, kama vile Vioja Mahakamani au Vitimbi, atakutana na maswali hayahaya, na yamkini magumu zaidi, kwa kuwa huko mwigizaji mara nyingi ni mtunzi pia. Ni vyema ayajibu kabla ya kuandika nambari ya kwanza, kwa sababu watakaomfuata wataichukua nambari hiyo kama ukweli usiohojiwa.